Mchezaji Akishatundika Daluga

Kijana anayecheza mpira vizuri hujulikana kwa jina kuanzia Mdandu hadi Makambako. Lakini miaka ya kucheza ni michache. Wengi huacha wakiwa na miaka thelathini na kitu, na wengine mapema zaidi kwa sababu ya goti. Mbele yao kuna miaka mingi ya kuishi. Mwezi huu tuone mwili na akili ya mtu huyo hupatwa na nini, na jamaa zake wamsaidieje.

Uzito na moyo

Anayefanya mazoezi makali kila siku huhitaji chakula kingi, kama lori linalopanda mlima linavyohitaji mafuta. Akiacha, mwili hauhitaji tena chakula kile, lakini tumbo limekwisha kuzoea. Sahani ya ugali na viazi inabaki ileile, na kinachozidi hugeuka kuwa mafuta mwilini. Baada ya miaka michache huja shinikizo la damu na kisukari. Wengi hawaendi kupimwa, kwa kuwa bado wanajiona wanamichezo. Tukumbuke kwamba mazoezi hayawekwi akiba. Faida yake huanza kupungua majuma machache tu baada ya kuyaacha.

Magoti

Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, tabaka nyororo linalozuia mifupa isisuguane. Goti lililowahi kuumia vibaya huchakaa mapema, na uzito ukiongezeka hali huwa mbaya zaidi. Watu husema ni baridi ya Njombe, kumbe ni jeraha la zamani. Wengine hununua diklofenaki dukani na kuimeza miezi mingi. Dawa hiyo ikitumiwa hivyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Kichwa

Huko Marekani kuna mpira wa aina yake, ambao wachezaji hushika mpira kwa mikono na kugongana kwa nguvu. Ligi yao kubwa huitwa NFL. Mwaka 2002 daktari Mnigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa mchezaji mstaafu Mike Webster, aliyefariki akiwa na miaka 50. Alikuta umeharibika kwa namna inayohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi. Wanaopatwa na madhara hayo huweza kusahau sana, kuwa na hasira za ghafla na kukata tamaa. Hapa kwetu jambo hili linawahusu zaidi mabondia, lakini hata wacheza mpira hugongana vichwa.

Upweke na pombe

Jana alishangiliwa, leo anapita sokoni hakuna anayemwita. Mapato nayo yamekwisha. Hapo ndipo baadhi huzoea kilabu cha ulanzi tangu asubuhi. Ndugu husema amekuwa mlevi tu, na hawaoni kwamba huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona hutibika.

Waliojiandaa

Hadi Michezo ya Paris ya 2024, Tanzania ilikuwa imepata medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, huko Moscow mwaka 1980. Filbert Bayi aliipata katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Bayi alikuwa askari wa JWTZ, na baadaye yeye na mkewe walianzisha shule. Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, akawa mwalimu wa riadha. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, naye alikuwa ofisa wa jeshi. Hawa walikuwa na kazi au elimu wakati bado wanakimbia, kwa hiyo mbio zilipokwisha hawakubaki mikono mitupu.

Tufanye nini?

1. Asiache mazoezi ghafla. Atembee kwa haraka, aendeshe baiskeli au alime, angalau nusu saa, siku tano kwa juma.

2. Apunguze kiasi cha chakula tangu mwezi wa kwanza. Mboga na maharage visipungue.

3. Apimwe shinikizo la damu na sukari kila mwaka, hata kama hasikii ugonjwa wowote.

4. Maumivu ya goti yakizidi majuma mawili, aende zahanati. Asijitibu kwa dawa za dukani.

5. Mchezaji aliyegongwa kichwa akazimia, akatapika au akachanganyikiwa, atolewe uwanjani na kupelekwa hospitali. Asirudi kucheza siku hiyo.

6. Wazazi, msimwachishe kijana shule kwa ajili ya mpira. Amalize masomo au ajifunze ufundi huku akicheza.

7. Mstaafu akinyamaza siku nyingi, akikosa usingizi au akisema hana haja ya kuishi, msimwache peke yake. Mleteni hospitali siku hiyohiyo.

Tulimshangilia alipofunga magoli. Sasa amekaa nyumbani na goti linamuuma. Mpigieni hodi, mwombeni awafundishe watoto mpira jioni. Mazoezi hayo yatamsaidia moyo, na wale watoto watamwita tena kwa jina lake.