Mashine ya kusagia nyama: wati za kwenye boksi zisikupumbaze

Tarehe 15 Januari 2013, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kwamba katika baga 27 za ng'ombe zilizopimwa, 10 zilikutwa na vinasaba vya farasi na 23 vya nguruwe. Nyama ikishasagwa, jicho haliwezi tena kujua imetoka kwa mnyama gani. Kwa sisi tulio ughaibuni tunaotayarisha sambusa na kababu za futari, njia ya uhakika ni moja: nunua pande la nyama kwa mchinjaji unayemwamini, usage mwenyewe.

Swali ni mashine ipi.

Ya mkono haina mota ya kuungua na hudumu miaka. Inamtosha anayesaga kilo moja au mbili, na kule nyumbani umeme ukikatika futari haikwami. Ila ya chuma cha kusubu hushika kutu: ioshe, ikaushe vizuri, ipake mafuta kidogo ya kula.

Ya umeme inamfaa anayesaga kilo nyingi kwa biashara au shughuli. Hapa ndipo wauzaji wanapojaza wati kwenye boksi. Mara nyingi hiyo ni nguvu ya mota inapokwama, si ya kazi ya kawaida. Ulizia wati za kazi. Tazama pia namba: namba 8 ina bamba la matundu lenye upana wa milimita 62 hivi, namba 12 milimita 70 hivi. Kwa familia, namba 8 yatosha.

Unayetuma mizigo nyumbani kutoka Marekani, jihadhari. Umeme wa huko ni volti 120, wa Tanzania 230 na wa Kenya 240. Ikichomekwa bila transfoma, mota inaungua. Ya Uingereza haina taabu hiyo.

Hata hivyo, mashine nzuri haiokoi nyama iliyopata joto. Iweke kwenye friza nusu saa kabla ya kusaga, toa mishipa, na upande bapa wa kisu uelekee kwenye bamba. Ukigeuza, nyama itapondeka badala ya kukatika. Kumbuka pia kwamba kusaga huingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama. Kababu iive hadi katikati, nyuzi joto 70 kwa dakika 2, na mashine ioshwe papo hapo kwa maji moto na sabuni, si kesho asubuhi.