Sauti Ndani ya Kompyuta
Kompyuta haihifadhi sauti yenyewe bali tarakimu. Katika CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya maradufu ya mitetemo 20,000, ambayo ndiyo upeo wa sikio la binadamu. Dakika moja hujaza takriban megabaiti 10. Faili ya MP3 hupunguza mzigo huo kwa kuacha sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Kilichoachwa hakirudi. MP3 ikigeuzwa kuwa WAV huvimba tu bila kuongezeka ubora; ikihaririwa na kuhifadhiwa upya kama MP3, huzidi kupungukiwa. Kwa hiyo mwanafunzi akusanyaye masimulizi ya wazee, ambao pengine hawatasimulia mara ya pili, hana budi kurekodi kwa WAV tangu mwanzo. MP3 na iwe nakala ya kusambaza.