"Bila shaka" yenye shaka ndani yake

Mgeni akibisha hodi saa nane mchana, mwenyeji humwambia, "Karibu mwanangu, bila shaka umechoka na jua hili." Hajui kama amechoka. Anakisia, tena kwa huruma. Ukimwomba jirani akushikie mtoto kidogo naye akajibu "Bila shaka," hapo ametoa ridhaa tu. Kamusi hulipa neno hili maana ya uhakika, ila midomoni mwetu limelegea, na anayeandika habari au ripoti hana budi kulichunga.

"Hakika" halijalegea hivyo. Ni ndugu wa "haki", na uhakika wake umo ndani ya jambo lenyewe, ujue usijue. "Yakini" nayo hukaa moyoni mwa mtu. Wanazuoni wa Kiislamu huigawa katika daraja tatu, na mfano wao wa moto naupenda sana: ukiona moshi nyuma ya kilima unajua kuna moto, hiyo ni ilmul-yakini, ukipanda kilima ukauona kwa macho, ni ainul-yakini, ukikuunguza, ni hakkul-yakini. Sijui neno jingine la Kiswahili lililopimwa kwa makini namna hii. Darasani limebaki katika "hali yakinishi", kinyume cha kukanusha.

"Kuthibitisha" kumetokana na "thabiti", yaani imara isiyotikisika, kwa hiyo kunadai ushahidi: hati, kipimo, shahidi.

"Kuamini" hakudai hayo. Ni jamaa ya "amana" na "amani": unamwegemea mtu kama unavyomwachia mali yako akutunzie. "Kusadiki" huelekea zaidi kwenye maneno, kuyakubali kuwa kweli. Wakatoliki huanza kanuni yao ya imani kwa "Nasadiki". Shaaban Robert naye aliiita Kusadikika nchi iliyo angani, katika riwaya yake ya 1951. Jina linadai kuaminika, mahali penyewe hapakanyagiki.

Basi tabibu akikushika paji la uso na kusema, "Bila shaka ni malaria," bado anakisia. Akisema, "Naamini ni malaria," ameweka uzoefu wake rehani. Neno "imethibitika" alisubirishe hadi jibu la maabara litoke, nawe una haki ya kumuuliza ametumia lipi.