Hifadhi ya Bure na Zana za Mwalimu

Mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha wilayani Ngara au Biharamulo aghalabu huweka maandalio ya masomo na picha za zana zake katika intaneti, kwa kuwa hifadhi hiyo ni ya bure. Hapana ubaya. Ila yampasa ajue kwamba bei huamuliwa na mwingine.

Mwaka 2017 kampuni ya Photobucket ya Marekani, iliyokuwa ikihifadhi picha bure, ilidai karibu dola 400 kwa mwaka kwa yeyote atakaye picha zake zionekane katika kurasa nyingine. Mara picha zikatoweka. Maandishi yakabaki yakieleza kitu kisichoonekana. Hapa nchini, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipa shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni. Wengine waliacha kuandika.

Kampuni hazifanyi hivyo kwa uovu: mitambo hula umeme, na bure yenyewe ilikuwa chambo.

Sasa fikiri somo la maporomoko ya Rusumo. Picha uliyoipiga mwenyewe ikiwa katika hifadhi moja tu, siku ya kudaiwa dola utaingia darasani mikono mitupu. Basi kila Ijumaa nakili kazi ya juma katika flashi, tena andalio liwe katika daftari. Maporomoko yachore kwenye karatasi ya manila. Yataonekana hata umeme ukikatika.