Mimi ni Nani? Mashaka ya Mwanafunzi wa Theolojia Awapo Mazoezini

Kila mwaka vyuo vyetu vya theolojia huwapeleka wanafunzi sharikani kwa mafunzo ya vitendo. Kabla hawajaondoka tunawaonya juu ya mengi: liturgia, mahubiri, madarasa ya kipaimara, hata namna ya kuketi na baraza la wazee. Jambo moja hutajwa kwa nadra, nalo ni mashaka ya mwanafunzi juu ya nafsi yake mwenyewe. Hatusemi mashaka juu ya Mungu, ambayo yamekwisha kutungiwa mitihani mingi. Twasema yale ya mtu asimamaye mimbarani akijiuliza kama kweli mahali pale ni pake.

Tumtazame kijana huyo. Mzee wa kanisa aliyempita baba yake kwa umri anampisha kiti na kumwita Mchungaji, ingawa hajabarikiwa. Siku ya tatu anaitwa msibani. Mama aliyefiwa na mwanawe anamwinulia macho, akingoja neno. Naye kijana ana Kiyunani cha miaka miwili na alama nzuri za homiletiki. Anasali, anasoma Zaburi, watu wanamshukuru. Lakini usiku ule anajiona kama aliyeazima vazi la mwenziwe, na ya kwamba siku moja ataambiwa alivue mbele ya watu wote.

Hali hii si ya wanatheolojia peke yao. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi, ambao hata hivyo waliamini kwamba wamewadanganya watu, na kwamba karibu watagunduliwa. Yafaa kuangalia kwamba kufaulu hakukuwaponya. Ndiyo sababu wale wanaomwambia mwanafunzi, 'Jipe moyo, wewe unaweza,' humsaidia kidogo tu. Wakati mwingine sifa humwongezea hofu, maana sasa ana mengi zaidi ya kuficha.

Hapana budi kutenganisha mambo mawili. Kuna shaka lisemalo, 'Sijui kufanya kazi hii,' na kuna shaka lisemalo, 'Sina haki ya kuwa hapa.' Yakichanganywa, hakuna linalotibika. Katika Kutoka sura ya 3 na ya 4 Musa anayo yote mawili. Anapouliza yeye ni nani hata aende kwa Farao, Mungu hamwelezi vipawa vyake wala elimu aliyoipata Misri. Anamwahidi kuwa pamoja naye. Lakini Musa anapolia juu ya ulimi wake mzito, mwishowe anapewa Haruni. Shaka la kwanza lilijibiwa kwa ahadi, la pili kwa msaidizi.

Martin Luther alilijua jambo hili vizuri. Alipoadhimisha misa yake ya kwanza mjini Erfurt tarehe 2 Mei 1507, kwa maelezo yake ya baadaye, alishikwa na hofu kuu hata akataka kuikimbia madhabahu. Baadaye, huko Wittenberg, mkubwa wake Johann von Staupitz alimwamuru, chini ya mti wa peari, ajiandae kuwa daktari wa theolojia. Luther alileta sababu nyingi za kukataa. Alisema hata kwamba kazi hiyo itamwua. Staupitz alimjibu kwa mzaha kwamba Mungu anazo kazi nyingi mbinguni kwa watu wenye akili. Luther akapata udaktari Oktoba 1512. Miaka ya baadaye, aliposhambuliwa na kuulizwa ni nani aliyempa ruhusa ya kufundisha, hakujitetea kwa ujuzi wake, ingawa alikuwa nao tele. Alisema aliitwa, tena alilazimishwa.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 limeliweka jambo hilo kuwa fundisho. Ibara ya 14 yataka asiwepo mtu afundishaye hadharani kanisani asipoitwa ipasavyo. Ibara ya 8, ikiwakataa Wadonatisti, yasema kwamba Neno na sakramenti vina nguvu kwa sababu ya agizo la Kristo, hata kama mtumishi ni mwovu. Ikiwa uovu wa mtumishi haulivunji Neno, kutetemeka kwa sauti ya mwanafunzi kutalivunjaje? Na ibara ya 5 yamwachia Roho Mtakatifu kuzaa imani mahali na wakati apendapo Mungu. Hesabu hiyo haimo katika daftari la mwanafunzi.

Lakini tusimpe mvivu mto wa kulalia. Ibara ya 8 haimpi mtu ruhusa ya kupanda mimbarani bila kujiandaa. Shaka la 'sijui kufanya' mara nyingi ni la kweli, na dawa yake ni kujifunza mbele ya mwingine. Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyekuwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1920, alianza mwaka 1925 kuwafunza wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya namna hiyo huko Worcester, wakihudumia wagonjwa wodini. Kutokana na mafunzo ya aina hiyo ilikua desturi ya kuandika mazungumzo na mgonjwa neno kwa neno, kisha kuyasoma mbele ya msimamizi. Mwanafunzi aliyezoea jambo hilo huweza kusema, 'Hapa nilimkatiza mama yule kwa sababu niliogopa machozi yake.' Hofu iliyotajwa hivyo huweza kufanyiwa kazi.

Msimamizi basi asiishie kukagua mahubiri. Atenge saa moja kila juma, mlango ukiwa umefungwa, na aeleze pia jinsi yeye mwenyewe alivyotetemeka alipoanza. Nao usharika una sehemu yake. Jumapili ya kwanza mwanafunzi asimamishwe mbele ya watu, barua iliyomtuma isomwe, kazi aliyopewa itajwe pamoja na mipaka yake, kisha aombewe. Hapo wote watajua kwamba ni mwanafunzi, na kwamba ametumwa. Na mzee akimwita Mchungaji, kijana ataweza kumsahihisha kwa heshima na kuendelea na kazi.