Ndege Aliyejeruhiwa Asiachwe Porini: Kazi ya Mbwa katika Nyika ya Taru

Jina la Kwale ni jina la ndege. Kila mkulima wa pwani ya kusini amjua: ndege wa kadiri ya kuku mdogo, apendaye kukimbia kuliko kuruka, ambaye sauti yake ya kukwaruza husikika alfajiri na jioni kando ya mashamba. Huko Taru, katika nchi kavu ya Waduruma iliyo kati ya Samburu na Mackinnon Road, yuko kwale mwenye koo la manjano lisilo na manyoya. Wako pia kanga wa namna mbili: yule wa kawaida mwenye pembe kichwani na madoa meupe mwili mzima, na yule mwenye shingo ndefu na kifua cha buluu, ambaye kichwa chake ni kitupu kama cha tumbusi. Huyu wa pili aweza kukaa siku nyingi bila kunywa maji, na kwa hiyo nyika ile haimtishi.

Kwa miaka mingi ndege hawa waliwindwa kwa mitego, na pia kwa bunduki za marisau za watu wenye leseni. Makala hii yaeleza jambo moja ambalo lilimpambanua mwindaji muungwana na mwindaji asiye na adabu, nalo ni kumtafuta ndege aliyepigwa asife mara moja.

Kwa nini ndege hupotea

Bunduki ya marisau haitoi risasi moja. Hutoa chembe nyingi za risasi ambazo hutawanyika kadiri ziendavyo mbali. Ndege aliye katikati ya chembe hizo hufa papo hapo, lakini aliye pembeni hupata moja au mbili tu, bawani au tumboni. Huyo huanguka, na mwindaji hudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza.

Kanga aliyevunjika bawa bado ana miguu miwili mizima, na mtu hawezi kumfikia kwa mbio. Kwale naye hukimbia hatua chache, kisha hujipenyeza chini ya kichaka cha miiba na kutulia kabisa. Rangi yake ni ya majani makavu na udongo, hata mtu aweza kupita karibu sana naye asimwone. Asipopatikana, ndege huyo hufa kwa kiu na maumivu, au huliwa na bweha usiku. Aliyempiga hakupata kitoweo, na nyika imepoteza ndege. Hasara kama hiyo haiandikwi katika hesabu ya mtu yeyote, kwa sababu mwindaji huhesabu wale aliowaokota tu.

Pua ya mbwa

Pale ambapo jicho la mtu hushindwa, pua ya mbwa hufaulu. Ndege akimbiapo huacha harufu juu ya udongo na majani. Na akiwa na jeraha, damu yake huongeza harufu hiyo. Lakini mbwa si mchawi. Hapana budi mwenyewe amsaidie kwa akili.

Kwanza, aliyepiga yampasa kukumbuka mahali ndege alipoangukia. Achague alama isiyohama, kama mti wa mgunga au kichuguu, kisha aache kofia yake pale aliposimama yeye mwenyewe, ili akipotea katika vichaka aweze kurudi na kuanza upya. Watu wasikimbilie pale wote kwa pamoja, maana miguu mingi huvuruga harufu.

Pili, na atazame upepo. Mbwa apelekwe upande ule ambao upepo waelekea, ili autie uso wake katika upepo na harufu imjie. Wakati wa kusi, kwa mfano, upepo hutoka kusini-mashariki. Basi mbwa na aanze upande wa kaskazini-magharibi wa mahali pale, akielekea pwani.

Tatu, afikiri saa. Alfajiri ardhi ina umande, na harufu hukaa. Ifikapo saa sita mchana, udongo mwekundu wa Taru huwa na joto kali na harufu hutoweka upesi. Kwa sababu hiyo ndege aliyejeruhiwa atafutwe mara moja, kabla ya kumpiga mwingine. Wako waliosema, "Tutamtafuta wakati wa kurudi." Walipokuwa wakirudi, hapakuwa tena na chochote cha kunusa.

Mdomo mwororo

Mbwa wa kazi hii hufundishwa mambo mawili yaliyo magumu kwa mbwa yeyote: kungoja na kutoa. Bunduki ikilia, yampasa kukaa kimya mpaka aamriwe. Akimpata ndege, yampasa kumbeba bila kumtafuna na kumtia mkononi mwa bwana wake. Uingereza walizalisha mbwa wa namna hiyo kwa vizazi vingi. Anayejulikana zaidi ni Labrador, ambaye asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland huko Kanada, na ambaye chama cha mbwa cha Uingereza kilimwandika rasmi kuwa kabila lake mwenyewe mwaka 1903.

Lakini si kabila peke yake lifanyalo kazi. Mbwa wa kienyeji mwenye akili aweza kufundishwa tangu utotoni kwa furushi la kitambaa lililofungwa manyoya ya ndege. Hutupiwa karibu, kisha mbali, kisha hufichiwa majanini. Jambo la kuepuka ni kumnyang'anya kwa nguvu, maana mbwa anayenyang'anywa hujifunza kukaza meno. Na asipigwe anaporudi, hata kama amekawia, la sivyo safari nyingine hatarudi.

Ndege akiletwa yu hai, asiachwe kutapatapa mfukoni. Hapo ndipo huruma ya mwindaji hujulikana: kummaliza upesi.

Jambo la dini

Waislamu walio wengi katika pwani ya kusini huuliza kama nyama iliyoletwa na mbwa ni halali. Kurani, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, yaruhusu kula kile ambacho mnyama aliyefundishwa uwindaji amekikamata kwa ajili ya bwana wake, jina la Mungu likitajwa. Ndege aliyeletwa hai huchinjwa kama ilivyo desturi. Kuhusu mate ya mbwa, madhehebu ya Shafii yana masharti makali ya kuosha, na mwenye shaka na amwulize mwanachuoni wake. Labda kwa sababu hiyo wengi walipenda mbwa atafute na kusimama tu juu ya ndege, kisha mtu amchukue kwa mkono wake.

Afya ya mbwa

Nchi hii haimhurumii mbwa. Ndorobo, ambao wako katika sehemu za Kwale, humwambukiza mbwa ugonjwa wa nagana. Macho yake huweza kufanya ukungu mweupe, na asipotibiwa hufa. Kupe nao huleta homa. Zaidi ya yote, hapana budi achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mtu akishaonyesha dalili zake huwa karibu hana tumaini la kupona. Na katika nchi isiyo na mito ya kudumu, abebaye maji yake mwenyewe na abebe pia ya mbwa. Mbwa mwenye kiu huhema kwa mdomo wazi, na ahemaye hivyo hawezi kunusa vema.

Sheria ya leo

Sasa yafaa kusema wazi ili msomaji asije akaingia mashakani. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, ingawa ndege wa namna fulani waliendelea kuwindwa kwa leseni. Kisha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikafanya uwindaji wa mchezo, na hata ule wa kutafuta kitoweo, kuwa kosa. Mwenye kutaka kufuga kanga hana budi kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, uwindaji wa ndege bado upo kwa leseni, na huko haya tuliyoyaeleza yangali na kazi yake.

Kwa mkulima wa Taru, basi, mbwa asiachwe kuzurura wakati kwale na kanga wanapolea vifaranga. Ni kweli kwamba kanga hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni. Lakini hula pia wadudu wengi waharibuo mimea. Mtoto mwenye debe la kupiga kelele atamlinda mkulima katika siku chache zile za hatari, bila kosa lolote.

Na pua ya mbwa haikukosa kazi. Katika nchi ya Tsavo, iliyo jirani na Taru, askari wa wanyamapori hutumia mbwa kuwafuata majangili. Mfugaji aliyemfundisha mbwa wake kungoja, kutafuta na kutouma, naye ana msaidizi wa kumtafuta mwana-mbuzi aliyepotea vichakani kabla jua halijatua na fisi hawajatoka.