Herbie Amekasirika, au Limekasirika?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameniletea swali lililoninyima usingizi kwa furaha. Siku ya kufunga shule aliwaonyesha watoto wa darasa la nne filamu ya The Love Bug, ile ya gari dogo jeupe liitwalo Herbie. Ilipofika pale Herbie anapoiponda Lamborghini mpya ambayo bwana wake ameinunua ili ichukue nafasi yake, darasa zima lilishangilia. Kelele zilipotulia, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, gari linaweza kuona wivu kweli?" Mwalimu akamwahidi kumtafutia mtu wa kumjibu.

Jibu ninalo. Wivu una kazi kidogo, na nitaufikia. Lakini gari lenye woga, lenye hasira au lenye mapenzi linaweza kuundwa jioni moja kwa mota mbili, macho mawili na nyaya mbili, bila kompyuta yoyote.

Kwa ambao hawajaiona filamu yenyewe: ni ya Walt Disney, ya mwaka 1968, iliyoongozwa na Robert Stevenson. Dean Jones ni Jim Douglas, dereva wa mashindano aliyeishiwa bahati, anayeishi San Francisco. Anamkuta muuzaji magari akilipiga teke gari dogo, anamkemea, na tangu siku hiyo gari linamfuata. Gari hilo ni Volkswagen ya mwaka 1963, ile yenye umbo la kobe, yenye namba 53 ubavuni. Linashinda mbio baada ya mbio, na katika mbio za mwisho linakatika vipande viwili, kimoja kikachukua nafasi ya kwanza na kingine ya tatu. (Kwetu Afrika Mashariki Volkswagen kushinda haikuwa kichekesho: ilitwaa Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962.) Pale gari linapojiendesha, dereva alikuwa amejificha nyuma, chini kabisa, na usukani wake mwenyewe.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu filamu hii ambacho ningependa mkikumbuke mpaka mwisho wa makala. Kabla ya kuchagua gari la kuigiza, studio iliyapanga magari ya aina mbalimbali nje, wafanyakazi wakawa wanapita. Mengine waliyapiga matairi kwa mateke na kuvuta usukani. Walipofika kwa Volkswagen, mikono ilinyooka yenyewe wakaipapasa.

Mngetarajia sasa niingie kwenye magari ya leo yasiyo na dereva. Nitayapita haraka, kwa sababu hayagusi swali la binti yule. Mwaka 2004 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani iliyashindanisha magari kama hayo katika jangwa la Mojave. Lililofika mbali zaidi lilikwama baada ya kilomita 12 hivi. Mwaka uliofuata gari la Chuo Kikuu cha Stanford liitwalo Stanley lilimaliza kilomita 212 kwa muda wa saa 6 na dakika 54, na Stanley naye alikuwa Volkswagen. Leo San Francisco, mji uleule wa Herbie, kuna teksi za Waymo ambazo tangu Juni 2024 mtu yeyote anaweza kuziita na zikaja bila mtu kwenye usukani. Zina kamera, rada na ramani. Ni kazi kubwa ya uhandisi, lakini zimeundwa ili zisigonge mtu na zifike salama, na mtoto wa darasa la nne hakuuliza hilo.

Aliyeuliza kama yeye ni Valentino Braitenberg, mtaalamu wa ubongo aliyezaliwa Bolzano, Italia, mwaka 1926, akafanya kazi miaka mingi Tübingen, Ujerumani, katika taasisi ya Max Planck. Alitumia maisha yake kupima nyuzi za neva katika ubongo wa nzi na wa panya. Mwaka 1984 akatoa kitabu chembamba kiitwacho Vehicles, chenye vigari 14 vya kufikirika, kila kimoja kikizidi kidogo tu kile kilichotangulia. Sijui kitabu kingine cha sayansi chenye kurasa chache namna hiyo kilichonifundisha mengi kiasi hicho.

Kigari cha pili ndicho ninachokipenda. Kina magurudumu mawili ya nyuma, kila gurudumu na mota yake. Mbele kina vihisi viwili vya mwanga, kimoja kushoto na kimoja kulia, kama macho. Kutoka kila kihisi kunatoka waya mmoja kwenda kwenye mota. Mwanga ukizidi, umeme unazidi, na gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi. Hakuna kingine ndani yake.

Ili muone kinachotokea, tuondoke nchi kavu. Ni usiku wa kuvua dagaa, na kuna mtumbwi wenye wapiga kafi wawili, mmoja akipiga upande wa kushoto, mwingine wa kulia. Hakuna nahodha. Hawasemezani. Mbele, juu ya chombo kingine, kuna karabai inayowaka. Kila mmoja amefungwa kitambaa jicho moja, hivyo wa kushoto anaona zaidi mwanga wa kushoto, na wa kulia wa kulia. Wamepewa amri moja tu: ukiona mwanga mwingi, piga kafi kwa nguvu.

Karabai ipo kushoto kidogo. Wa kushoto anaiona vizuri, anapiga kwa nguvu. Wa kulia anaona mwanga hafifu, anapiga polepole. Mvuvi yeyote anajua kitakachofuata: kafi ya kushoto ikizidi, mtumbwi unapinda kulia. Unaiacha karabai. Kadiri ilivyokuwa karibu, ndivyo unavyoikimbia kwa pupa, na ukishafika gizani wote wawili wanalegea na mtumbwi unatulia. Mtu aliyesimama ufukweni atasema mtumbwi ule unaogopa taa. Hakuna aliyeogopa ndani yake. Wawili wale hata hawajui kwamba wamekimbia.

Sasa badilisha kitu kimoja. Kila mmoja, akiona mwanga, asipige yeye, bali amguse mwenzake begani: mwanga mdogo, mguso mdogo; mwanga mkali, kofi. Anayeguswa ndiye anayepiga. Karabai ni ileile, kushoto kidogo. Wa kushoto anaiona, anamgonga wa kulia. Wa kulia anapiga kwa nguvu, na mtumbwi unageuka kushoto, moja kwa moja kwenye taa. Unapoikaribia, mwanga unazidi, mabega yanagongwa zaidi, kafi zinakata maji kwa kasi zaidi, mpaka mtumbwi unaivaa karabai kwa kishindo. Ufukweni watasema mtumbwi ule una chuki na taa.

Kati ya woga na hasira hapakuongezwa kafi, wala jicho, wala akili. Waya wa kushoto ulihamia kulia na wa kulia ukahamia kushoto. Nilipolielewa hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatembea uani.

Hapa Kiswahili kinadai jina. Nyaya zisizovuka niliziita nyoofu bila shida. Zile zinazovuka zimenisumbua. "Nyaya za msalaba" niliikataa, kwa sababu msalaba umesimama tuli na una mambo yake. "Mkingamo" ni neno zuri, lakini kitu kilichokingama kimeziba njia, na hapa hakuna njia iliyozibwa. Nimetua kwenye "mpishano". Watu wawili wakikutana kwenye kichochoro, kila mmoja akaenda alikotoka mwenzake, wamepishana, na ndivyo zifanyavyo nyaya hizi. Ndivyo pia zifanyavyo neva zetu: nusu ya kushoto ya ubongo inaendesha mkono wa kulia, na ya kulia mkono wa kushoto. Naomba walimu wa sayansi walijaribu neno hili darasani: waya mnyoofu, waya wa mpishano.

Tumebakiwa na mapenzi. Rudisha nyaya nyoofu, kila mmoja apige kafi yake mwenyewe, lakini igeuze amri: ukiona mwanga mwingi, punguza. Gizani wote wanapiga kwa bidii, mtumbwi unazunguka baharini kama anayetafuta. Karabai ikitokea kushoto, wa kushoto anapunguza, wa kulia anaendelea, na mtumbwi unageukia taa. Unaikaribia polepole, polepole zaidi, kisha unasimama mbele yake, umeielekea, umetulia. Braitenberg alikiita kigari hiki mapenzi. Mimi nilikitengeneza na mpwa wangu kwa mota mbili kutoka kwenye redio ya kaseti iliyokufa, vihisi viwili na transista mbili za Kariakoo, na kipande cha ubao. Tulizima taa ya jikoni, nikawasha tochi nikaiweka sakafuni karibu na mtungi wa gesi. Kigari kilizunguka mguu wa meza, kikasita, kikageuza pua yake, kikaja. Kilisimama kama shubiri moja mbele ya tochi, magurudumu yakitetemeka kidogo kwa sababu vihisi havilingani sawasawa. Nilipoiondoa tochi, kikaanza kuzunguka tena. Mpwa wangu alisema: "Rudisha, anaitafuta."

Anaitafuta, si kinaitafuta.

Kiswahili kina mlango hapa ambao lugha nyingi hazina. Tulifundishwa tangu shule ya msingi kwamba kiboko, kifaru na kipepeo wana sura ya ki na vi, lakini kwa kuwa wana uhai tunasema kiboko amelala, si kimelala. Kwa hiyo kila tunapofungua mdomo kusema habari za kitu kinachosonga, sarufi inatuuliza swali la binti yule: kina nafsi au hakina? Mwandishi wa Kiingereza anaweza kukwepa. Sisi hatuwezi, lazima tuchague kati ya a na ki, kati ya amekasirika na limekasirika. Tazameni nilivyoandika kuhusu Stanley huko juu. Sikupanga, kalamu ilichagua, kama mikono ya wale wafanyakazi wa studio ilivyonyooka yenyewe.

Fasihi ina neno la kitendo hiki, nalo kila mwanafunzi wa sekondari analijua: tashihisi, kukipa kitu kisicho mtu sifa za mtu. Sayansi imekuwa ikikipima kitendo hicho tangu 1944, Fritz Heider na Marianne Simmel walipowaonyesha wanafunzi filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja zikizunguka kwenye kisanduku chenye mlango. Katika kundi la kwanza la watu 34, mmoja tu ndiye aliyeeleza maumbo kama maumbo. Wengine wote waliyaeleza kama viumbe hai, na wengi wao walisimulia kisa cha ugomvi, cha kuonewa, cha kutoroka. Hata neno "kihisi" limeingia mtego huohuo, maana kuhisi kwetu ni kutambua na pia ni kuwa na hisia. Wapo wanaopendelea "kitambuzi" kwa sababu hiyo. Mimi nabaki na kihisi. Utata wake ni wa kweli, uko kwenye kitu chenyewe.

Kigari hakioni uchungu kikigonga kiti, na ubongo wa mjusi una mengi kuliko nyaya mbili. Hilo nalikubali, tuendelee na wivu.

Kigari cha tatu cha Braitenberg kinaweza kubeba jozi kadhaa za vihisi kwa pamoja, kila jozi na nyaya zake. Basi mpe Herbie jozi ya kwanza ya vihisi vya mwanga, nyaya nyoofu zinazopunguza: atakuja na kutulia mbele ya tochi ya bwana wake. Kisha mpe jozi ya pili, safari hii ya sauti, nyaya za mpishano zinazoongeza kasi, zilizotegwa kwa mngurumo wa Lamborghini. Ukiwa umesimama peke yako na tochi yako, Herbie atakukalia karibu kama paka. Lamborghini ikinguruma ubavuni mwako, atakuacha, atairukia, ataiponda, na ikinyamaza atarudi kwenye tochi. Kwa jozi mbili za vihisi, kwa hiyo, umepata wivu unaoonekana hadharani. Mambo mengi tunayoyaita tabia ya mtu nayo tunayajua kwa njia hii, kwa kuyatazama kutoka ufukweni.

Braitenberg aliona pia kwamba kukiunda kitu kama hiki ni rahisi kuliko kukichambua. Ukimpa mtu kigari kilichofungwa, asione nyaya, akitazame tu kinavyotembea, atabuni ndani yake mashine kubwa kuliko iliyomo. Aliwaambia hivyo wenzake wa elimu ya ubongo, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutazama kigari kilichofungwa.

Mwalimu, tafuta fundi wa redio katika mtaa wenu. Mwambie unahitaji mota mbili ndogo, vihisi viwili vya mwanga, transista mbili na betri, akulehemie kwenye ubao, ila ncha za nyaya ziachwe huru ili watoto waweze kuzibadili wenyewe. Funga madirisha, anza na nyaya nyoofu zinazoongeza kasi, washa tochi, na usiwaambie watakachokiona. Kisha waache wazipishanishe. Na binti yule akisema "ameogopa", usimsahihishe ngeli.